Eti nimetulia

"Wewe umetulia sana. Laiti wenzako wangekuwa hivi." Mhadhiri aliyasema hayo Jumanne nilipomaliza kuwasilisha, nami nikajibu, "Asante, mwalimu," nikarudi kukaa. Basi. Leo ni Jumamosi, dada mkubwa kajifungua salama (ndiyo, yule aliyeapa hazai tena), matokeo ya muhula yametoka, na mimi bado niko palepale kwenye "umetulia sana".

Nimetulia wapi? Karatasi niliishika kwa mikono miwili kwa sababu mmoja ulikuwa unatetemeka. Nilisema polepole kwa kuwa pumzi haikutosha kumaliza sentensi, na yeye akaona madaha. Sijui kama nifurahi au nikasirike. Kila nikizima taa namjibu upya, tena kwa ufasaha mkubwa: mwalimu, unajua usiku wa kuamkia leo sikulala? Mshauri wa chuo ndiye anayejua. Alinijazisha ile fomu ya maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, nikapata 12 kati ya 21, wasiwasi wa wastani. Huo wastani ungekuwa juu ya shingo ya aliyetunga fomu!

Halafu jana mdogo wangu akapiga simu. Tumbo tena. Linamuuma kila Jumatatu asubuhi, akiruhusiwa kubaki nyumbani linapoa saa hiyohiyo, na Jumatatu inayofuata linarudi na nguvu mpya. Mama anasema uvivu. Mama, nakupenda, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na darasa lake lina watoto arobaini na kitu. Piga hesabu. Mwili ukihisi hatari hutoa adrenalini, na tumbo hupata habari mapema. Maumivu ni ya kweli hata kama hakuna kidonda.

"Na wewe linakuuma, dada?"

"Linaniuma."

"Sasa unafanyaje?"

"Naenda nalo darasani."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mnakaa dawati moja?" Nikacheka na mimi, kicheko ambacho sikukipata wiki nzima. Tumekubaliana Jumatatu aende nalo vipindi viwili tu vya mwanzo, kisha anitumie ujumbe. Mama nitaongea naye mwenyewe, ana kwa ana.

Ila betri ya hii simu imeanza kuvimba, kifuniko hakifungi tena, na mimi nalala nayo chini ya mto.