Kutoka Kilwa hadi Punta Arenas: ziara kwenye bandari ya ncha ya kusini

Punta Arenas ni mji wa Chile ulioko nyuzi 53 kusini mwa ikweta, kando ya Mlango wa Bahari wa Magellan, na ndio mji mkubwa wa mwisho katika bara la Amerika Kusini. Ushuaia ya Argentina na Puerto Williams ya Chile ziko kusini zaidi, lakini zote mbili zimo visiwani. Bara lenyewe hukoma kwenye Rasi ya Froward, yapata kilomita 90 kusini mwa mji, mahali ambapo barabara haifiki. Hata kutoka Santiago hakuna barabara inayofika Punta Arenas bila kutoka nje ya Chile, kwa kuwa milima, barafu na ghuba zimeikata nchi vipande vipande, na anayesafiri kwa gari hana budi kupitia Argentina au kupanda feri. Mimi nilikwenda kwa ndege.

Nilifika Desemba, ambao huko ni mwezi wa kiangazi, ingawa mtu aliyezaliwa Pwani asingeuita hivyo. Jua huzama baada ya saa nne usiku, na upepo wa magharibi huvuma kwa nguvu kiasi kwamba katika siku zake mbaya hufungwa kamba kwenye uwanja wa katikati ya mji ili wapita njia wapate pa kujishikilia. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, buluu na kijani, na ukipanda kilima cha Cerro de la Cruz unayaona yote yakishuka hadi kwenye maji ya kijivu, ng'ambo yake kikionekana kisiwa cha Tierra del Fuego.

Katikati ya uwanja huo imesimama sanamu ya baharia Mreno Ferdinand Magellan, iliyojengwa mwaka 1920 kuadhimisha miaka 400 tangu merikebu zake zilipopita hapa. Aliingia mlangoni mnamo Oktoba 1520 na kutokea Bahari ya Pasifiki tarehe 28 Novemba, akiwa na merikebu tatu kati ya tano alizoondoka nazo Hispania. Wageni hupiga picha mbele yake, nami sikuweza kupiga yangu bila kukumbuka Kilwa. Magellan huyu, akiwa bado kijana anayemtumikia mfalme wa Ureno, alisafiri katika msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505, ule ule ulioiteka na kuipora Kilwa mwezi Julai, ukajenga ngome ambayo mabaki yake yamo ndani ya ngome kongwe iitwayo Gereza, huko Kilwa Kisiwani, kisha mwezi Agosti ukaichoma moto Mombasa. Miaka 15 tu ndiyo inayotenganisha moshi wa Mombasa na merikebu za mlango huu. Tumezoea kumsoma mtu huyu kama baharia wa mbali asiyetuhusu, wakati alianza safari zake kubwa kwa kupita kwetu, ndani ya jeshi lililokuja kunyang'anya biashara ya dhahabu ya Sofala na ya Bahari ya Hindi yote.

Mji wenyewe ulianzishwa baadaye sana, mwaka 1848, ukatumika kwanza kama kambi ya askari na wafungwa. Kilichoutajirisha ni njia. Meli za mvuke zilizotoka Ulaya kwenda pwani ya Pasifiki zilipita mlangoni na kutia nanga hapa kuchukua makaa ya mawe, maji na chakula. Na tangu mwaka 1877, kondoo wapatao 300 walipoletwa kutoka visiwa vya Falkland, ufugaji ulienea Patagonia yote, eneo la kusini kabisa la Amerika Kusini, na sufu ikawa shehena kuu ya bandari. Fedha hizo ndizo zilizojenga majumba yanayouzunguka uwanja, kama lile la Sara Braun, na makaburi makubwa ya matajiri katikati ya miti ya saiprasi iliyokatwa kwa umbo la duara. Mfereji wa Panama ulipofunguliwa mwaka 1914, meli nyingi ziliacha kuja. Anayeijua Kilwa haelezwi mara mbili jinsi bandari inavyopungukiwa biashara inapohamia njia nyingine. Hata hivyo Punta Arenas haikufa, na leo ni moja ya bandari ambazo meli na ndege za watafiti huanzia safari ya Antaktika.

Lakini kondoo walihitaji ardhi, na ardhi ya Tierra del Fuego ilikuwa ya Waselk'nam, wawindaji wa guanako (mnyama wa porini wa jamii ya ngamia) wanaokadiriwa kuwa 4,000 hivi mwishoni mwa karne ya 19. Ardhi ilizungushiwa nyua, guanako wakapungua, na mwindaji aliyemchinja kondoo alihesabiwa kuwa mwizi. Baadhi ya wenye mashamba waliwalipa watu wenye bunduki kwa kila Mselk'nam aliyeuawa. Walionusurika walipelekwa misheni ya Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, kwenye kisiwa cha Dawson, ambako maradhi yaliwamaliza wengi. Katika makumbusho ya Wasalesiani mjini nilitazama picha zao kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote nilichokiona safarini. Ni watu wazima na watoto waliovishwa nguo za sufu, wakitazama kamera moja kwa moja.

Sanamu ya Magellan ilitolewa zawadi na José Menéndez, mmoja wa mabwana wakubwa wa kondoo. Chini ya miguu ya Magellan wameketi wenyeji wa shaba, na kidole cha mguu wa mmoja wao kinang'aa kwa kuguswa na kubusiwa na wageni wanaoamini kwamba atakayefanya hivyo atarudi. Mimi sikukigusa, niliona haya. Wakati wa maandamano ya mwaka 2019 waandamanaji waliing'oa sanamu ya kichwa cha Menéndez na kuiweka miguuni pa mwenyeji huyo, na mwaka 2023 sheria ya Chile iliwatambua rasmi Waselk'nam kuwa mmoja wa watu wa asili wa nchi hiyo, baada ya vizukuu kudai kwa miaka mingi kwamba wao bado wapo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki atakayebahatika kufika, ushauri wangu ni aanze na makumbusho kabla ya uwanja, kisha apande feri ya kwenda Porvenir, safari ya saa mbili hivi kuvuka mlango, akaione nchi iliyogombaniwa. Na kama siku moja wenyeji wa Punta Arenas watabandika pale uwanjani maelezo kamili ya maisha ya Magellan, ningependa mwaka 1505 uwemo, pamoja na majina ya Kilwa na Mombasa.