Ua la Boga na Ukuta Mtupu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nakuja kwenu na aibu kidogo. Kuna ukuta kanisani, ule wa chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, umeshapakwa rangi nyeupe na una mwezi mzima unaningoja. Nilinyoosha mkono mwenyewe kwenye kikao nikasema, "Mimi nitauchora." Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile sijachora hata jani.

Si kwamba nimekaa bure. Nimeomba, nikafunga siku mbili. Lakini usiku, maombi yakiisha, nilikuwa napekua simu nikikusanya picha za bustani ya Edeni zilizochorwa na wengine, nyingine nzuri mpaka unaona haya kushika brashi. Kila nikiinua penseli, mkono unarudia kile nilichokiona kwenye simu: mti wa duara juu ya shina la kahawia, simba anayetabasamu, maua yote sawasawa kama yamepigwa muhuri. Nafuta, naanza upya, nafuta. Karatasi imechoka kuliko mimi.

Jumanne alfajiri nikatoka kumwagilia bustani nyuma ya nyumba. Maji yakakatika. Nikainama kutafuta mahali mpira ulipojikunja, na uso wangu ukawa sawa na mmea wa boga ambao umetambaa juu ya waya wa uzio. Mnavijua vikono vya boga, vile vinyuzi vya kijani ambavyo mmea hujishikiza navyo. Nimevichora mara nyingi sana, na siku zote nimevichora kama springi ndani ya kalamu, vikizunguka upande mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kile kilichokuwa mbele ya pua yangu hakikuwa hivyo. Kilizunguka kulia, kikafika katikati, kikanyooka kidogo kama mtu anayefikiri, halafu kikaanza kuzunguka kushoto.

Nikadhani hicho kina kilema. Nikatazama cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Na ukikaa ukakitazama unaelewa sababu yake. Kikono kikishashika waya, ncha zote mbili zimefungwa, moja kwenye shina na nyingine kwenye waya. Kikijisokota upande mmoja tu kitajinyonga. Basi kinageuka katikati, mizunguko ya huku ikafutana na mizunguko ya kule, na mmea unapata kamba inayovutika upepo ukija bila kukatika.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikichora uongo, wapendwa, na mmea wenyewe uko hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Mpira niliuacha vile vile umejikunja. Nikaingia ndani kuchukua daftari, nikarudi nikaketi chini kwenye udongo, na kile ambacho sikukipata kwa siku mbili za kufunga kikaanza kuja. Hakikuja kama maono. Kilikuja kwa kutazama mstari mmoja, kisha mstari ulio karibu nao.

Ndipo neno la Bwana wetu likanirudia, lile tunalolijua wote: "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo." Tumelihubiri sana neno hili katika habari za kutosumbuka, na ni sawa, ndilo alilokuwa akisema. Lakini sisi huwa tunakimbilia "msisumbuke" tukaruka "fikirini." Neno la Kiyunani alilolitumia Mathayo pale linabeba maana ya kujifunza kitu kwa makini, mpaka kikuingie. Bwana hakusema yapitieni maua. Alikuwa ameyatazama mwenyewe kiasi cha kuyapima na mavazi ya Sulemani, na akasema Sulemani ameshindwa. Huwezi kusema hivyo juu ya kitu ulichokipita ukiwa mbioni.

Na huyo Sulemani naye hakuwa kipofu wa bustani. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasema alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo iotayo ukutani. Alipojenga Hekalu, mbao za mwerezi ndani zilichongwa matunda ya jamii ya boga na maua yaliyofunguka. Someni sura ya sita. Jamii ya boga, wapendwa, ndani ya nyumba ya Bwana! Kuna fundi mmoja ambaye jina lake halikuandikwa, na lazima aliwahi kuinama mahali fulani akalitazama tunda hilo vizuri kabla ya kushika patasi.

Na hapa nisemeshe kidogo, mtanisamehe. Kwenye kile kikao kuna aliyesema tubandike tu picha ya kuchapishwa, mambo ya kuchora ni anasa, kazi ya Mungu ni roho. Sikumjibu siku ile. Leo namjibu kwa upendo: Kutoka 31. Bezaleli mwana wa Uri alijazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Na katika Mwanzo 2, Mungu alipochipusha miti ya bustani, kupendeza machoni kumetajwa kabla ya kufaa kwa chakula. Macho kwanza, tumbo baadaye. Nisiongeze.

Lakini kemeo kubwa ni langu mwenyewe, na la ninyi waimbaji, watunzi, mafundi wa kushona na kufuma mnaonisoma. Tunaomba upako huku tumefumba macho, na tukimaliza kuomba hatuyafumbui. Tunataka Mungu atupe kipya, naye amekwisha kukiweka nje ya dirisha tangu asubuhi. Tunapiga picha ya ua kwa simu, tunaituma, tunaendelea na safari, na ukituuliza lilikuwa na petali ngapi hatujui. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alihamia Giverny mwaka 1883, akatengeneza bwawa la mayungiyungi nyumbani kwake, na mayungiyungi pekee yakampa picha zipatazo 250. Bwawa moja tu! Mimi nina bustani yenye mimea ya kila namna, na nilikuwa nalia kwamba sina cha kuchora.

Nawasihi basi. Chagua mmea mmoja ulio karibu nawe, hata kama ni magugu, hata kama umeota kwenye kopo. Kaa nao kila siku kwa muda ule ambao ungeupoteza kwenye simu. Kama huchori, andika. Kama huandiki, utazame tu mpaka uone kitu ambacho jana hukukiona, kisha umshukuru Mungu kwa kukitaja jina, usishukuru kwa jumla. Chora vibaya, hakuna anayekagua. Anayejua kutunga wimbo asiharakishe kutafuta mashairi. Asikilize kwanza nyuki akiwa ndani ya ua, jinsi sauti yake inavyobadilika akizama na akitoka.

Mariamu Magdalene naye asubuhi ile ya ufufuo kaburini alidhani anasema na mtunza bustani, kumbe ni Yesu. Nimelifikiria hilo wiki nzima, nikiwa na udongo kwenye magoti. Labda nitaliandikia siku nyingine.

Jana niliamka nikiwa na hamu ya kulichora ua lenyewe. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limeshajifunga, halifunguki tena. Nilikuwa nimeona moja la kike, lile ambalo kiboga kidogo kinaonekana chini yake kabla halijachanuka. Nikasema ngoja kwanza nijibu ujumbe mbili tatu. Nilipotoka, petali zilikuwa zimejisokota pamoja kama kitambaa kilichokamuliwa, na nyuki mmoja alikuwa akizunguka nje akitafuta mlango.

Nikaketi nikalichora hivyo hivyo lilivyofungwa. Nadhani nitaliweka ukutani, chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Jumamosi ndiyo naanza. Niombeeni.