Betri Mpya, Saketi ya Zamani

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikaa kwa karibu saa mbili kwenye kibanda cha fundi simu huko Kariakoo, nikimtazama akiikata betri mpya kabisa ambayo alikuwa ameitoa kwenye karatasi yake muda huohuo. Nilimpelekea simu yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa sababu chaji yake ilikuwa haifiki saa saba mchana. Nilidhani ni kazi ya dakika ishirini. Fundi aliiweka kwanza betri mpya bila kukata kitu, akaiwasha simu, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Simu iliwaka vizuri na chaji ilipanda, lakini kwenye mipangilio palikuwa na onyo kwamba betri haikuthibitishwa, na ile sehemu ya kuonyesha afya ya betri ilikuwa tupu.

"Mwalimu, betri ni nzima," aliniambia. "Ila simu haiijui."

Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza simu hiyo, kwa kuwa ninachotaka kukieleza, yaani kufuli ambalo watengenezaji huweka ili simu isivikubali vipuri isivyovijua, ni kikubwa kuliko simu yangu. Nataka kueleza kwanza alichokifanya fundi, maana sijawahi kukiona kikiandikwa kwa Kiswahili.

Juu ya kila betri ya simu za siku hizi pana saketi ndogo nyembamba, isiyozidi upana wa ukucha, iliyofunikwa kwa utepe wa rangi ya kaharabu. Fundi aliubandua utepe ule taratibu, vikaonekana vipande viwili vya metali vinavyoiunganisha saketi na betri yenyewe, kimoja cha chanya na kingine cha hasi. Alikikata kimoja, akakifunika kwa utepe, ndipo akakata cha pili. Nilipomuuliza kwa nini asivikate vyote kwa mara moja, alininyooshea mkasi wake: chuma cha mkasi kikivigusa vyote viwili kwa pamoja, betri inapiga shoti, na betri ya lithiamu ikipiga shoti inaweza kuwaka moto ikiwa mkononi mwako. Baada ya hapo aliichukua saketi ya betri yangu ya zamani, akaichomelea kwenye betri mpya kwa kimashine kinachotoa cheche fupi, nukta baada ya nukta. Alifunika, akachomeka, akawasha. Onyo lilikuwa limetoweka, na sehemu ya afya ya betri ikasoma asilimia 71.

Betri ilikuwa mpya, lakini namba ile ilikuwa kumbukumbu ya betri iliyokwisha kufa, kwa sababu saketi ndiyo inayohesabu mizunguko ya chaji na kutunza makadirio ya uwezo uliobaki. Simu ilikuwa imeridhika kwa kuwa ilikuwa inazungumza na saketi inayoifahamu, hata kama maneno ya saketi hiyo hayakuwa na ukweli tena. Fundi alinieleza kwamba anacho kimashine kingine cha kuifuta kumbukumbu hiyo na kuandika 100, na kwamba angenifanyia bila malipo ya ziada. Nilikubali, kisha nikakaa nikiwaza kwamba kimashine hichohicho kinaweza kuandika 100 juu ya betri iliyochoka, nami mnunuzi nisijue.

Utaratibu wa kufuli lenyewe si mgumu kuuelewa. Kipuri, kiwe betri, kioo au kamera, hubeba chipu yenye namba yake ya pekee, na kiwandani namba hiyo husajiliwa pamoja na bodi kuu ya simu. Simu inapowaka, bodi humuuliza mgeni aliyechomekwa swali la siri, na chipu hutakiwa kurudisha jibu linaloweza kukokotolewa na mwenye ufunguo peke yake. Jibu likiwa sahihi na namba ikiwa ile iliyosajiliwa, kila kitu huendelea kama kawaida. Namba ikiwa nyingine, simu huonya, au hufunga baadhi ya kazi, hata kama kipuri kimetoka kiwanda kilekile na kina ubora uleule. Ndiyo maana fundi anaweza kununua simu mbili mpya za aina moja, akabadilishana vipuri vyake, na zote mbili zikalalamika.

Historia inayojulikana zaidi ya makufuli haya ni ya Apple. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitoa iPhone 5s yenye kitambuzi cha alama ya kidole, na kitambuzi hicho kilifungamanishwa na sehemu salama ya prosesa ya simu. Kwa hilo sina ugomvi. Kidole changu kinafungua akaunti yangu ya benki, na ni haki kabisa simu ikatae kitambuzi kigeni ambacho huenda kimetengenezwa ili kuidanganya. Lakini wenye iPhone 6 waliobadilishiwa kitufe chenye kitambuzi hicho na mafundi wa nje walikuja kupata jambo lingine: waliposasisha programu ya simu, simu nzima ilikufa na kuandika kosa namba 53. Haikuzimwa alama ya kidole peke yake. Picha, anwani na ujumbe wa mtu, vyote vilibaki ndani ya kitu kisichowaka. Apple ilisema mwanzoni kwamba huo ni ulinzi, kisha Februari 2016 ikatoa programu ya kuzirudishia simu hizo uhai. Nchini Australia shauri lilifika mahakamani, na Juni 2018 mahakama ya shirikisho iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwa iliwaambia wateja wasiopungua 275 kwamba wamepoteza haki ya kuhudumiwa kwa sababu tu simu zao zilikuwa zimeguswa na fundi mwingine.

Kufuli ambalo lingeweza kutetewa kwa kitambuzi cha kidole likaanza kuhamia kwenye vitu visivyo na siri yoyote. Mwaka 2019 mafundi wa Marekani waligundua kwamba simu za iPhone XS na XR zinaficha afya ya betri na kutoa onyo hata zikiwekewa betri halisi ya Apple iliyotolewa kwenye iPhone nyingine. Mwaka huohuo vioo vya iPhone 11 vikaingia kwenye onyo hilo, na kamera zikafuata katika iPhone 12. Mwaka 2021 iPhone 13 ilipotoka, kubadilisha kioo kulizima utambuzi wa uso, isipokuwa kama fundi angeing'oa chipu ndogo kwenye kioo cha zamani na kuihamishia kwenye kipya akitumia darubini na hita. Kelele zikawa nyingi, na kabla ya mwaka kwisha sasisho la programu likaliondoa zuio hilo.

Betri haijui siri za mtu. Haina alama ya kidole, haihifadhi nywila, haipeleki ujumbe. Hoja ambayo watengenezaji wanayo juu ya betri ni ya usalama wa mwili: betri za ovyo zipo sokoni, hufura, huungua, na mtu ana haki ya kujua alichowekewa. Ninaipokea hoja hiyo kwa uzito wake wote. Sisi Tanzania tunalijua tatizo la bidhaa bandia bila kuhitaji kufundishwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu feki nchi nzima, na kabla ya siku hiyo tulibonyeza *#06#, tukatuma namba kwenda 15090, tukajibiwa kama simu zetu ni halisi au la. Naona tofauti kubwa, hata hivyo, kati ya ukaguzi ule na hiki kilichotokea mezani kwa fundi wangu. Kule mwenye simu ndiye aliyeuliza, na jibu alipewa yeye. Huku simu inamjua mtengenezaji wake tu, na fundi mwaminifu aliyenunua betri nzuri anawekwa kundi moja na muuza takataka.

Tena kufuli linalosemwa kuwa ni la usalama ndilo lililomfanya fundi wangu ashike mkasi. Betri ile ilipotoka kwenye karatasi yake ilikuwa imefungwa na kiwanda, saketi yake ya ulinzi ikiwa mahali pake. Kuichomoa ya zamani na kuichomeka mpya hakuhitaji kukata kitu. Kilichomlazimu kuukata muungano wa chanya na hasi kwa mikono yake, kando ya pakiti laini ya lithiamu, katika kibanda chenye watu wanne na feni moja, ni onyo lile peke yake, kwa sababu wateja wakiliona hurudi na kusema amewawekea betri feki. Aliniambia kuwa kwa wiki hufanya kazi hiyo mara kadhaa. Yeye ana subira na ana utepe. Nilimfikiria kijana anayejifunza, ambaye hana vyote viwili.

Kuna ushahidi pia kwamba fedha imo katika jambo hili. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na kwa mwaka mzima wa 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Tarehe 2 Januari 2019 mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji barua ya kueleza kwa nini mapato yatakuwa chini ya matarajio, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni wateja walioitumia nafasi ya punguzo hilo la betri. Niliposoma habari hiyo niliirudia mara mbili. Mtu aliyebadilisha betri hakununua simu mpya, na hilo likaonekana kwenye hesabu za kampuni kubwa kuliko uchumi wa nchi nyingi. Mei 2021 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwasilisha ripoti kwa bunge la nchi hiyo, ikisema kwamba sababu zinazotolewa na watengenezaji kuzuia matengenezo zina ushahidi haba.

Sheria zimeanza kusogea, na si kwetu. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilikuwa la kwanza kupiga marufuku kufunga vipuri kwa njia hii. Gavana Tina Kotek alitia saini Machi 2024, na katazo linahusu vifaa vilivyotengenezwa baada ya tarehe 1 Januari 2025. Google iliuunga mkono muswada huo, Apple ikaupinga. Colorado ikafuata miezi miwili baadaye. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Juni 2025 zinamtaka mtengenezaji wa simu ahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli husika. Simu nyingi zilizotumika tunazouziwa hapa zilianzia maisha yake katika nchi hizo hizo, zikapita Dubai, zikatufikia, kwa hiyo kinachoandikwa huko kinafika hadi mezani kwa fundi wa Kariakoo, ila kinachelewa miaka kadhaa.

Apple yenyewe imelegeza. Mwaka 2024, katika iOS 18, toleo la programu endeshi ya iPhone, iliweka utaratibu unaomwezesha mtu kukamilisha usajili wa kipuri halisi kilichotoka kwenye iPhone nyingine, papo hapo kwenye simu. Wakati huohuo kufuli la akaunti, lile linaloizuia simu iliyoibwa isitumike, likapanuliwa hadi kwenye vipuri: kamera au kioo cha simu ambayo mwenyewe hajaifungulia hakitasajiliwa. Hapa nafsi yangu inavutwa pande mbili. Nimeporwa simu mara moja karibu na kituo cha daladala, na ningefurahi kama mwizi yule angeshindwa kuiuza hata kama spea. Upande mwingine, fundi wangu ana boksi la simu zilizokufa, nyingi zikiwa za wateja waliozitelekeza baada ya kuambiwa hazitengenezeki, na boksi hilo ndilo duka lake la vipuri vya bei ambayo mtu wa kipato changu anaimudu. Wengi walioziacha hawakuwahi kufikiria kuondoa akaunti zao, na wengine hawawezi, kwa kuwa simu haiwaki. Mtu yeyote mwenye simu mbovu ndani ya kabati na uwezo wa kuingia kwenye akaunti yake kupitia kifaa kingine anaweza kuiondoa simu hiyo kwenye orodha leo, kisha akampa fundi. Vipuri vyake vitapata kazi.

Onyo lenyewe silikatai. Simu iniambie kwamba betri hii haikutoka kwa mtengenezaji wake, iniambie mara moja kwa maneno ya wazi, halafu isome kilichomo na kunionyesha. Saketi ya betri ile mpya ilikuwa na namba zake, na simu ilikuwa na uwezo wa kuzisoma. Ilikataa kunionyesha, na kwa kukataa kwake mimi sasa ninatembea na namba iliyoandikwa na kimashine cha fundi.

Kabla ya kuifunga simu, fundi alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya utepe wa betri tarehe ya siku hiyo na neno "mpya", akaupuliza wino ukauke. Nilimuuliza anamwandikia nani. Akasema anamwandikia fundi mwingine, atakayeifungua baadaye, kwa sababu kwenye simu hiyo maandishi hayo ndiyo pekee ambayo yatakuwa ya kweli.