Kebo Ilipokatika Wiki ya Vipimo vya Moyo

Jumamosi, tarehe 25 Februari 2012, meli moja iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, na nanga hiyo ikaikata kebo ya intaneti ya TEAMS inayolala chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Siku chache kabla ya hapo kebo nyingine zinazohudumia Afrika Mashariki zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, na sehemu ya mzigo wake ilikuwa imehamishiwa hiyohiyo TEAMS, kwa hiyo ukanda mzima ukaachwa ukigombania njia chache zilizobaki. Wenyeji wengi wa mji wanaikumbuka wiki ile kwa kurasa za intaneti zilizofunguka kwa kusuasua. Mimi naikumbuka kwa sababu ya mtoto wa miaka 11 ambaye picha za moyo wake zilikuwa ndani ya seva niliyoisimamia, zikisubiri kupelekwa Uingereza.

Nilikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta katika kikundi cha watafiti waliopima mioyo ya wanafunzi wa shule za msingi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ambayo wahudumu wa afya huiita eko. Walikuwa wakiutafuta ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ambao huanza kwa mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa na kuishia, miaka mingi baadaye, kwa vali za moyo, yaani milango inayoizuia damu isirudi nyuma, zilizonenepa, zilizokunjamana na kushikana. Kazi yetu ilikuwa na mzizi wake katika utafiti ambao Eloi Marijon na wenzake waliuchapisha mwaka 2007, walipowapima wanafunzi wa Kambodia na Msumbiji. Kule Msumbiji, madaktari waliosikiliza vifua vya watoto na kisha kuthibitisha walichokishuku walipata wagonjwa 2.3 katika kila watoto 1,000, ilhali eko iliyofanywa kwa watoto wote iliwapata 30.4 katika idadi hiyohiyo. Takwimu hizo zilinikosesha usingizi nilipozisoma kwa mara ya kwanza, kwa maana zilisema kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyegunduliwa kwa sikio, wengine zaidi ya kumi walikuwa wakirudishwa darasani na vali zilizokwisha kuguswa.

Kila picha jongefu ilipaswa kusomwa mara mbili: na daktari wetu wa moyo aliyekuwapo Mombasa, kisha na msomaji wa pili aliyekuwa Uingereza, ambaye hakuambiwa mwenzake ameona nini. Kabla ya usomaji huo wa pili hakuna mzazi aliyeelezwa kwamba mwanawe ni mgonjwa, na hakuna sindano iliyotolewa. Niliuona utaratibu huo kuwa wa haki, na bado nauona hivyo, kwani kumtangazia mzazi kwamba mwanawe ana moyo mbovu, kumbe hana, ni kumtia mtoto kifungoni bila hukumu: atakatazwa kucheza, atatazamwa kwa jicho la huruma, na akiwa msichana maneno hayo yatamfuata hadi siku za posa. Majina ya watoto hayakusafiri kamwe. Picha zilikwenda na namba tu, na daftari lililounganisha namba na jina lilifungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulikaa kwa daktari.

Jumatatu baada ya kebo kukatika, mama wa mtoto yule alikuja kliniki bila kuitwa. Daktari alikuwa amemwomba tu asubiri majibu, naye alikuwa na habari ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia.

“Daktari, mimi nimekuja kuaga,” alisema. “Baba yao ni mvuvi wa dago, mwenye kupiga kambi ugenini msimu wa uvuvi, kwao Pemba. Kaskazi haijesha tutaondoka naye, mimi na watoto wote.”

“Mama, nakuomba unipe siku chache.”

“Siku ninazo, ila si nyingi. Upepo haumngoji mtu. Na huyu mtoto acheza mpira kutwa kucha, hana aumwalo.”

Daktari aliponitazama nilielewa kwamba sasa tulikuwa na tarehe ya mwisho ambayo haikuandikwa katika mpango wowote wa utafiti. Programu ya kutuma picha ilikuwa ikizipanga kwa saa zilivyoingia, na kwa laini ya kawaida mpangilio huo haukumdhuru mtu. Kwa laini tuliyobakiwa nayo, nani atangulie na nani asubiri lilikuwa suala la tiba, nami sikuwa na elimu wala idhini ya kuliamua. Nilimwomba daktari aketi kando yangu, tukafungua orodha nzima, naye akaipanga upya mtoto kwa mtoto, akianza na wale ambao yeye mwenyewe aliona vali zao zinavuja, na juu ya wote akamweka mtoto wa yule mama.

Ikabaki kazi yangu. Mashine yetu ilihifadhi picha katika DICOM, muundo wa kuhifadhia picha za kitabibu, bila kuzibana. Picha moja yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 480, kwa rangi tatu, huchukua karibu kilobaiti 920. Picha 30 kwa sekunde, kwa sekunde mbili tu, hufikia takriban megabaiti 55. Mtoa huduma wetu alikuwa ametuhamishia kwenye setilaiti, kilobiti 512 kwa sekunde, ambazo zingekipitisha kipande kimoja cha namna hiyo kwa takriban robo saa iwapo hakuna mwingine anayeitumia laini. Kila mtoto alikuwa na vipande vingi, na hospitali nzima ilikuwa ikitegemea laini hiyohiyo.

Wenzangu wa ofisi walinishauri nizibane picha kama zinavyobanwa video za harusi na kuzituma. Nilikataa, na sababu zangu nataka kuzieleza kwa kirefu kwa kuwa ndizo kiini cha wiki ile. Moyo wa mtoto ukipiga mara 90 kwa dakika, muda wa kusukuma damu ni kama theluthi moja ya sekunde. Kwa picha 30 kwa sekunde, tukio hilo lina picha kama kumi. Ukipunguza hadi picha tano kwa sekunde ili kuokoa nafasi, unabakiwa na moja au mbili, na msomaji hawezi tena kujua kama uvujaji unadumu muda wote wa kusukuma au unamulika tu na kutoweka, kama inavyotokea katika mioyo mingi iliyo mizima. Jambo la pili ni rangi. Njia za kawaida za kubana video hutupa sehemu kubwa ya maelezo ya rangi na kuhifadhi mwanga na kivuli, kwa sababu jicho la binadamu halihisi sana upotevu huo. Katika eko, hata hivyo, uvujaji hutambuliwa kwa rangi: damu inayorudi nyuma kupitia vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, huonekana kama mkondo wa buluu uliochanganyika na rangi nyingine, na kingo za mkondo huo ndizo zinazopimwa urefu. Vigezo ambavyo Shirikisho la Moyo Duniani lilivichapisha mwaka huohuo wa 2012 vilidai mkondo wa angalau sentimita 2, uonekane katika pande mbili za kutazamia, uwe na kasi isiyopungua mita 3 kwa sekunde na udumu kipindi chote cha kusukuma. Ukungu wa milimita chache katika rangi unaweza kumhamisha mtoto kutoka upande mmoja wa mstari huo hadi mwingine.

Kwa hiyo nilikata weusi wote unaozunguka umbo la feni ambamo moyo huonekana, nikazibana picha kwa njia isiyopoteza chochote, na daktari akachagua kwa kila mtoto vipande vichache vinavyobeba hoja. Mzigo ulipungua hadi karibu theluthi moja ya ulivyokuwa bila nukta hata moja ya moyo kuguswa.

Tatizo lililofuata lilikuwa setilaiti yenyewe. Setilaiti ya aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na pakiti ya data, yaani kifurushi kidogo cha taarifa, ikienda huko na kushuka upande wa pili, kisha risiti yake ikarudi kwa njia hiyohiyo, zaidi ya nusu sekunde huwa imepita. TCP, kanuni inayosimamia usafirishaji huo, hungoja risiti kabla ya kuendelea kumimina, na pakiti ikipotea huchukulia kwamba njia imejaa na kupunguza mwendo, hata kama iliyosababisha ni kelele tu za redio. Matokeo yake ni laini inayokaa tupu huku watu wakilalamika kwamba imejaa. Niligawa vipande katika mafungu, nikafungua njia kadhaa kwa pamoja ili moja ikingoja risiti nyingine iwe inasafirisha, na nikatumia programu ya rsync ambayo mawasiliano yakikatika huendelea palepale ilipoishia. Nilianza kutuma baada ya saa tano usiku, ofisi zote zilipokuwa zimefungwa.

Chumba cha seva kilipakana na maabara ya patholojia, inakochunguzwa vipande vya miili ya wagonjwa, na mwalimu mmoja mzee wa maabara hiyo alikuwa na desturi ya kufanya kazi usiku. Alinikuta nikiitazama asilimia ikipanda polepole, akasema, “Njoo utazame hicho unachokisafirisha, mwanangu.”

Chini ya hadubini yake palikuwa na kijipande cha chumba cha juu cha kushoto cha moyo, kilichoondolewa wakati wa upasuaji wa vali ya mgonjwa mtu mzima. Kati ya nyuzi za misuli nikaona vinundu vidogo vya seli vilivyoelezwa na Mjerumani Ludwig Aschoff mwaka 1904, na ndani yake seli zinazoitwa kwa jina la Anitschkow, ambazo kiini chake kinaonekana kama kiwavi aliyejinyoosha. Mwalimu alinieleza kwa sauti ya chini, bila haraka, kwamba bakteria wa koo, streptokoka wa kundi A, amefunikwa na protini M, na kwamba sehemu za protini hiyo zinafanana na myosini, protini ya misuli ya moyo. Seli za T, ambazo ni za kinga ya mwili, zilizofundishwa kumtambua bakteria hufika kwenye vali, hujishikiza katika seli zinazoifunika, hupenya ndani na kuwasha uvimbe. Uvimbe ukijirudia kila mafindofindo yanaporudi, vali ambayo kwa kawaida haina mishipa ya damu karibu kabisa huota mishipa, na penye mishipa hufuata makovu.

“Kwa hiyo bakteria hayupo hapa?” nilimuuliza.

“Hayupo. Alikwisha kuondoka kooni zamani. Waliopo hapa ni askari wa mwili wenyewe.”

Nilirudi kwenye seva nikiwa na fikra tofauti kuhusu zile megabaiti. Mpaka usiku ule nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu wa waya, ninayewahudumia wanasayansi kutoka nje ya sayansi yao. Sasa niliona kwamba mkondo wa buluu niliokuwa nikiulinda dhidi ya ubanaji ulikuwa mwisho wa mnyororo ulioanzia kwenye seli nilizotoka kuzitazama, na kwamba mtu yeyote anayeuharibu mnyororo huo katika pingili yake ya mwisho anamnyima mtoto uchunguzi, hata kama hajawahi kugusa stethoskopu.

Picha za mtoto yule zilimaliza kufika kabla ya alfajiri. Za wenzake ziliendelea kupita usiku uliofuata na mwingine baada yake. Jibu la msomaji wa pili lilikuja kwa maandishi matupu, ambayo hata laini ile iliyapitisha bila shida: vali ya mitrali imenenepa, inavuja kwa vipimo vyote vinavyotakiwa, ugonjwa ni wa hakika. Daktari wetu alikuwa ameandika hivyohivyo.

Mama aliitwa siku hiyohiyo. Daktari alimwonyesha moyo wa mwanawe kwenye kioo, akamwelekeza kwa kidole mahali damu inaporudi, kisha akamweleza kuhusu benzathini penisilini, sindano nzito na yenye maumivu inayopigwa kila baada ya wiki nne ili mafindofindo yasipate tena nafasi ya kuuamsha ugonjwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sindano itamponya mwanawe. Daktari alimjibu kwamba vali iliyokwisha kuharibika hairudishwi na dawa, ila upo msingi mzuri wa kutumaini kwamba haitaharibika zaidi. Mtoto alipigwa sindano ya kwanza, akalia, akanyamaza. Daktari aliandika barua kwa hospitali ya Chake Chake, na mimi nikawapa picha zake zote kwenye sidii, zile kamili zisizobanwa, pamoja na kadi yenye tarehe za sindano zinazofuata. Wiki kadhaa baadaye mama alipiga simu kutoka Pemba kusema kwamba ya pili imeshapigwa.

Baadhi ya watoto wengine waliokuwa katika orodha ile vali zao zilikuwa zimeguswa kidogo tu, bila dalili yoyote, na kwa hao madaktari walibishana mbele yangu kama inafaa kuwapiga sindano chungu kwa miaka bila ushahidi wa jaribio kwamba inawasaidia. Ushahidi huo ulikuja mwaka 2021 kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto waliogunduliwa kwa eko kabla ya dalili. Kati ya 399 waliopewa sindano, ugonjwa uliendelea kwa 3. Kati ya 400 ambao hawakupewa, uliendelea kwa 33. Ili kuwapata washiriki hao, zaidi ya watoto 100,000 walipimwa. Niliposoma matokeo hayo nilimpigia simu daktari wetu, ambaye sasa amestaafu, tukaipitia tena kwa kumbukumbu orodha ya wiki ile ya Februari, yeye akiwataja watoto kwa hali za vali zao na mimi kwa namba zao, tukiwahesabu wale ambao leo tungewaanzishia sindano bila kubishana.