Siti ya ndege ya kulipia: usiku nalipa, mchana wanitupe popote

Ikifika mwezi wa tisa, wa kumi hivi, sisi tulioko Uingereza tunaanza kuhangaika na tiketi za kwenda nyumbani Krismasi, na ukishachagua tarehe tu inakuja ile picha ya ndege kutoka juu imejaa vijisanduku vya rangi, hiki pauni 14, hiki 30, kile cha mlangoni cha kunyoosha miguu ndo usiseme, na pembeni wameweka maneno ya kukutisha kidogo kwamba usipochagua sasa hivi hawakuhakikishii kukaa na wenzako. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kipande kirefu cha usiku nalipia, tena siyo siti za wote, vilivyobaki silipi hata senti.

Tuanze na hesabu manake hapo ndo wanapotuokota. Mtu wa Leicester au Reading akienda Dar kwa kawaida anabadilisha ndege Doha, Dubai, Istanbul, Addis au Amsterdam, kwa hiyo kwenda ni ndege mbili na kurudi mbili, na siti inalipiwa kwa kila ndege, watu wengi hawalioni hilo mpaka wafike kwenye jumla. Mko wanne? Hizo ni siti 16. Piga kwa pauni 15 tu, pauni 240 imeondoka, ambayo kwa hela ya nyumbani haipungui laki saba, na hapo hujanunua hata pipi za kuwapa watoto wa jirani. Pesa hiyo mama anapata bati za kuezekea jiko lake la nje. Na tiketi si nilishalipa jamani, kwani kuna tiketi ya kusimama? Basi la Mwanza unachagua siti palepale kwa wakala, unamwambia usinipe ya juu ya tairi wala ya nyuma kabisa, anakuandikia namba yako unaondoka, hakuna mia ya ziada, ila ndege iliyonikamua mamia ya pauni inataka niongeze nyingine ndo inionyeshe pa kukaa.

Kinachouzwa pale kwa kiasi kikubwa ni hofu, na hofu yenyewe ni kubwa kuliko hali ilivyo. CAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya hapa, waliwahi kuwauliza abiria zaidi ya 4,000 waliosafiri kwa makundi, matokeo wakayatoa 2018, wakakuta ukigoma kulipa uwezekano wa kutenganishwa kwa wastani ni kama asilimia 18. Waliobaki wote hao walikaa pamoja bure kabisa. Ryanair, lile shirika la ndege za bei rahisi la huku Ulaya, ndo walioongoza kwa kutawanya watu, asilimia 35, na hata huko bado wengi walikaa na wenzao. Sasa fikiria ni wangapi wamelipia kitu ambacho wangekipata bila kutoa chochote.

Kwa watoto wadogo ndo kabisa usitishike. Mwongozo wa CAA unataka mtoto awe karibu na mzazi, ikiwezekana mstari mmoja, ikishindikana isizidi mstari mmoja mbele au nyuma, na sababu yake siyo huruma tu. Ndege haipewi cheti mpaka ionekane inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa, sasa ikitokea dharura kila mama anakimbilia nyuma kumfuata mwanae si njia itaziba pale pale. Ryanair wenyewe wana utaratibu wao, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 12 mzazi mmoja analazimika kulipia siti yake, halafu watoto wanapewa za pembeni yake bure, kwa hiyo kule usihangaike kulipia ukoo mzima, lipia mmoja, wa pili aende atakakotupwa. Wa kwangu mkubwa ana miaka 14, huyo akikaa mistari kumi nyuma yangu mimi na yeye wote tunafurahi.

Tena mara nyingi tunajitenganisha wenyewe. Baba kakata tiketi yake kwa wakala, mama kakata kwenye simu alipoona bei imeshuka saa sita usiku, mdogo wake kakata wiki mbili baadaye baada ya mshahara, halafu uwanjani wanashangaa kwanini wametawanyishwa. Kompyuta haijui kama huyo ni shemeji yako! Inachojua ni namba ya bukingi, mkiwa bukingi moja inajitahidi kuwaweka jirani, mkiwa bukingi tatu nyie kwake ni watu msiojuana. Kama imeshatokea hivo pigeni simu mapema waziunganishe, wengi wanaandika kwenye mfumo kwamba mnasafiri pamoja. La pili, weka alamu ya chekini, yaani kule kujiandikisha kwamba unasafiri na kupewa boding pasi. Mashirika mengi ya safari ndefu yanafungua chekini ya mtandaoni masaa 48 au 24 kabla, na wengi wao muda huo siti za kawaida zilizobaki unachagua bure, zile zile za pauni 30 za jana. Desemba ndege imejaa, na za kwenda kwetu zimejaa zaidi sababu kuna wazungu wa Zanzibar humo humo, kwa hiyo ukichelewa unakuta zimebaki za katikati tu zimetapakaa kama meno ya mzee.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye ile picha ya vijisanduku halipo. Kwenye ndege za kuingia Dar siti uliyolipia ina nguvu kadri ya moyo wako tu. Nilishuhudia, kijana mmoja msafi na hedifoni zake kubwa shingoni kaja mpaka mstari wake, kakuta dirishani kakaa mama wa makamo ya bibi, sweta juu ya khanga, viatu keshavua, mfuko wa dawa keshauning'iniza mahali pake. Kijana kasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Samahani mama, nadhani hiyo ya dirishani ni ya kwangu, yako itakuwa hii ya katikati."

"Kaa tu hapo baba, pana nafasi."

Kijana akaangalia boding pasi, akamwangalia mama, akaangalia tena boding pasi kama vile namba itabadilika. Mhudumu akaja, hajui Kiswahili, anauliza kuna tatizo gani, na hapo Wabongo wote wa mistari mitatu wameshageuka, hakuna anayemwangalia mama, wote wanamwangalia kijana kuona alilelewaje. Akamwambia mhudumu hakuna tatizo. Kakaa katikati safari nzima, mama akamgawia karanga. Hiyo hela huwezi kuidai popote, umeiachia kwa hiari yako, na mimi kwa kweli ningefanya kama yeye.

Ila kwa upande wa wazee wenyewe, hapa nasisitiza, kama unamleta mama mkwe au baba kuja kusalimia wajukuu usiingie kwenye kulipia siti kabla hujauliza huduma ya msaada. Ukimwombea wilichea au akawa na shida ya kutembea, sheria ya Ulaya namba 1107 ya 2006, ambayo Uingereza nayo bado inaifuata, inalitaka shirika, kwa ndege inayoondoka Uingereza au Ulaya au ya shirika la huku, lijitahidi kadri inavyowezekana kumpa anayemsindikiza siti ya jirani yake, na huduma yenyewe haitozwi. Piga simu angalau masaa 48 kabla. Na mwombee upande wa njia, mzee mwenye sukari au wa kwenda chooni kila saa ukimweka dirishani umemtesa yeye na waliokaa naye.

Sasa huo usiku ninaolipia. Masaa saba nane ya giza ukiwa na mtoto wa miaka mitano, ambaye akisinzia lazima aegemee kitu, akiwa katikati ataegemea mtu asiyemjua na mimi nitakaa macho kuomba radhi. Nalipia dirisha la kwake na siti yangu pembeni yake, basi, mbili. Kabla ya kulipa naangalia ni ndege ya aina gani manake mpangilio unabadilisha kila kitu. Airbus A330 nyingi zina mbili pembeni, nne katikati, mbili pembeni, na zile mbili za pembeni kwa mtu na mwenzie au mama na mtoto ni raha tupu, hakuna wa tatu wa kumruka. Dreamliner, yaani Boeing 787, ni tatu tatu tatu. Boeing 777 siku hizi kwa wengi ni tatu, nne, tatu, hapo familia ya wanne mstari wa katikati unawatosha wenyewe. Mwenye kichanga yeye asilipie, apige simu aombe siti za mbele ya ukuta wanapotundika kitanda cha mtoto, ziko chache na zinakwisha haraka, na kitanda kina kikomo cha uzito, wengi ni kilo 10 au 11, mtoto wako kama kashiba vizuri usijidanganye.

Za mlangoni wanaziuza ghali na zina kero zao. Meza inatoka kwenye mkono wa kiti kwa hiyo mkono haunyanyuki, kiti chenyewe kinakuwa chembamba, begi lote linapanda juu wakati wa kuruka na kutua, na baadhi ya milango baridi lake unalisikia miguuni. Dirisha nalo siyo lazima liwe dirisha, kwenye zile Boeing 737-800 za Ryanair siti ya 11A haina dirisha, ni ukuta mtupu sababu hapo yanapita mabomba ya hewa, na watu wameshailipia wakakaa wanatazama plastiki.

Kingine soma masharti yao kabla hujatoa kadi. Karibu wote wameandika kwamba siti unayochagua haina uhakika wa moja kwa moja, wakibadilisha ndege, wakaleta yenye mpangilio mwingine, unahamishwa. Mimi nilishahamishwa toka dirishani mpaka nyuma karibu na choo, na hela haikurudi yenyewe mpaka nilipoiandikia fomu na kuambatanisha skrinishoti ya malipo. Kwa hiyo piga skrinishoti siku ile ile. Na kama tiketi umenunua shirika moja lakini kipande kimoja kinarushwa na mwenzao, hakikisha siti ya kipande hicho imefika kwa anayerusha, wakati mwingine mifumo yao haiongei na unakuta kule hawana habari na wewe.

Za ndani ya Afrika Mashariki silipii, ni fupi, ila nachagua. Nairobi kwenda Dar kaa kulia, kurudi kaa kushoto, hali ya hewa ikikubali Kilimanjaro unaiona hiyo hapo Kibo kimetoka juu ya mawingu na hakuna aliyekutoza. Na zile ATR za mapangaboi za Precision mnapanda na kushuka kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo anayekimbilia siti za mbele ili awahi kutoka atakuwa wa mwisho.

Desemba hii nimeshafanya yangu, siti mbili za usiku wa kwenda, mbili za usiku wa kurudi. Baba watoto ana miguu mirefu na wiki nzima hii ananionyesha zile za mlangoni, nikamwambia mstari ule watoto hawaruhusiwi, akanijibu kwani mimi mtoto. Kadi yake anayo.