Kumbukumbu ya mradi: kuua tao (moto wa umeme) kwenye rilei ya pampu ya sola

Mradi: boya la tangi liwashe na kuzima pampu ya volti 48, ampea 6, kupitia rilei ndogo, swichi inayovutwa na koili ya umeme. Juu ya rilei pameandikwa 10A 250VAC. Chini yake, kwa maandishi madogo, 10A 30VDC. Mstari huo wa pili ndio wenye kesi: kwa DC, umeme wa njia moja kama wa betri, mwisho ni volti 30, na pampu ni ya 48.

Kava la rilei limefunguliwa. Pointi moja (metali zinazogusana kupitisha umeme) imechimbika, ya pili imeota kichuguu kinachoingia kwenye shimo lile lile: metali imehama upande mmoja, kama mkondo wa DC unavyokwenda. Hiyo si kazi ya cheche. Cheche hupasua hewa, kwa takriban volti 3,000 kila milimita, kisha hufa papo hapo na kuacha vidoa tu. Tao halidai volti hizo. Pointi zikianza kuachana, sehemu ya mwisho inayogusana huyeyuka na kuchemka, mvuke wake unapitisha umeme, na moto unaendelea. Kwa pointi za fedha, volti 12 hivi na nusu ampea vinatosha kulilisha. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hapo tao huzimika. Wa betri haupiti.

Dayodi (hupitisha mkondo upande mmoja tu) ya Schottky, 10A 100V, imefungwa kwenye vichwa vya mota, mstari wake upande wa chanya (ukigeuza ni shoti). Dayodi ya 1N4007 ni ya ampea 1, ibaki kwenye koili ya rilei. Mpigo wa volti za juu kutoka kwenye mota umekwisha. Tao limebaki, maana linalishwa na betri. Kapasita ya 0.1 µF na rezista ya ohm 100 kwenye pointi, kwa ampea 6, ni kujifariji.

Sasa anayekata mkondo ni mosfeti IRF540N, swichi isiyo na pointi. Geti, mguu wa kuiamrisha, lipewe volti 12, si 48. Kikomo chake ni 20. Rezista ya 10k kati ya geti na sosi (mguu unaotoa mkondo), la sivyo waya wa geti ukichomoka pampu inaweza kujiwasha. Joto ni wati 1.6 na kuendelea, kwa hiyo bati la alumini la kupoza. Rilei hufunga kwanza, mosfeti hufuata baada ya milisekunde 50. Kuzima ni kinyume. Rilei haiondolewi: mosfeti mara nyingi hufa ikiwa inapitisha mkondo, na bila rilei pampu haitazimika.

Kilichobaki ni sakiti breka ya DC kwenye betri. Zenye alama za + na − zina sumaku inayosukuma tao kwenye vibati vya kulikatakata. Ukifunga kinyume, linasukumwa upande usio na vibati na breka inaungua.