Njia ya majeneza

Jumamosi tulipanda treni ya asubuhi Sheffield, mimi na mume wangu, tukashuka Edale. Ni mwendo wa kama nusu saa tu, na kipande kizima mnapita gizani, ndani ya handaki la Totley lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5. Mkitokeza upande wa pili mnakuta mabonde, kuta za mawe na kondoo. Siku hiyo umande ulikuwa umeganda juu ya majani, ukikanyaga unasikia kama unakanyaga chumvi ya mawe.

Safari niliitaka mimi. Tangu baba mkwe afariki mwezi wa tisa, mume wangu anakwenda kazini, anarudi, anakula, analala. Ukimuuliza anasema yuko sawa. Hakwenda kuzika. Maombi yake ya kibali cha kuishi hapa Uingereza yalikuwa hayajajibiwa, na hadi leo hayajajibiwa, na utaratibu ni kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, inahesabiwa umeyaondoa mwenyewe. Basi tulikaa kwenye kochi, simu tumeiegemeza kwenye kikombe, tukaangalia baba akizikwa Marangu, Kilimanjaro, kihambani, yaani shamba la ukoo, kati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Mtandao ulikatika udongo ulipoanza kuwekwa. Uliporudi, watu walishafika kwenye mashada.

Na yeye ndiye kitinda mimba. Kwa Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zake wanaweza kwenda popote. Yeye ndiye wa kukaa na mzee. Hilo hajalisema hata siku moja tangu msiba, lakini mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka 11, najua linapomkaa.

Tulivuka bonde, tukaanza kupanda kuelekea Hollins Cross. Njia si kali sana, ila matope yalikuwa yameganda juu tu. Ukikanyaga vibaya ukoko unavunjika, mguu unazama. Yeye alitangulia, ananifungulia mageti ya kondoo, ananingoja nipite, anafunga. Hatukuzungumza. Kilichosikika ni pumzi zetu na upepo uliokuwa unazidi kadiri tunavyokwenda juu.

Hollins Cross ndipo mahali pa chini kuliko pote kwenye mgongo ule wa mlima, kwa hiyo ndipo watu wa kale walipovukia. Msalaba wenyewe haupo tena. Tuliketi, nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikamweleza nilichokisoma usiku uliotangulia: kwamba Edale haikuwa na kanisa hadi miaka ya 1630, hivyo mtu akifariki ndugu zake walimbeba kwenye jeneza, wakapanda njia hii tuliyoipanda, wakashuka upande wa pili kwenda kumzika Castleton. Ndiyo maana wenyeji wanaiita njia ya majeneza.

Akageuka akaitazama njia tuliyotoka. Akaitazama muda mrefu, mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

"Walibeba wangapi?" akauliza.

"Sijui, baba."

"Sisi walikuwa sita. Kaka wawili. Watoto wa baba mdogo watatu. Wa sita alikuwa jirani." Akanyamaza. "Pale palikuwa pangu."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza tangu mwezi wa tisa, yote yakanikimbia. Nikamshika mkono. Alivua glavu, akajifuta uso kwa kiganja kitupu, na kiganja kilikuwa chekundu kwa baridi. Wapandaji wengine walipita, wakatusalimia, wakaendelea na njia yao. Nawashukuru kwa kutosimama.

Kutoka pale hadi kilele cha Mam Tor njia imetandikwa mabamba ya mawe kwa sababu ya wingi wa watu wanaopita. Kilele kina mita 517. Kaskazini tuliuona mlima wa Kinder Scout umejaa theluji juu, mashariki bomba refu la kiwanda cha saruji cha Hope. Mume wangu akazunguka taratibu, akaangalia pande zote, halafu akasema, "Baba angekiita hiki kichuguu." Akacheka. Mtoto wa Marangu, aliyekulia mgongoni mwa Kilimanjaro. Sikuwa nimekisikia kicheko kile kwa miezi mitatu, na ningeweza kushuka kutoka pale nikiwa nimeridhika hata bila chakula.

Lakini chakula kilikuwapo. Jua Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, tukaingia Old Nags Head giza likitufuata mgongoni. Ni pabu ya kijiji, mlangoni kwake ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 400 hadi Scotland. Kuna moto wa kuni, watu wameketi na viatu vyenye matope, mbwa wamelala chini ya meza. Tuliagiza pai ya nyama yenye mchuzi mzito, yeye na bia yake, mimi na chai nyingine. Alikula, halafu akaanza kusimulia: jinsi baba alivyomfundisha kubeba mkungu wa ndizi bila kuuchubua, jinsi alivyokuwa akikohoa getini usiku ili mama ajue ni yeye. Hadithi ya kukohoa sikuwahi kuisikia.

Nyumbani Marangu ilikuwa inakaribia saa mbili usiku. Akatoa simu, akampigia mama yake, na baada ya salamu akamwomba kitu ambacho hajawahi kukiomba: amwonyeshe kaburi.

Mama akachukua tochi. Tuliona miguu yake, kandambili, majani makavu ya mgomba, kisha mwanga ukatulia juu ya isale, mmea ambao Wachaga huupanda kaburini, lililopandwa siku ya maziko. Kwa mvua za vuli lilikuwa limeshika. Lilikuwa na majani mapya manne, na mama akayagusa moja moja kwa kidole ili mwanawe ayaone vizuri.